Drafti ya futiboli ya Kanada: kwa nini watu wa ukuta huondoka mapema

Ukitaja drafti Mombasa, watu hufikiria ubao wa mraba, vizibo vya soda 12 kila upande, na wazee wawili barazani wanaotupiana maneno kila kizibo kikiliwa. Hii ninayoiandika leo ni nyingine: ni usiku ambao timu 9 za ligi ya futiboli ya Kanada, CFL, hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Ila hesabu ya vizibo iweke akilini. Futiboli ya Kanada, mpira wa yai unaobebwa na kurushwa kwa mikono, nayo huchezwa na watu 12 kila upande, mmoja zaidi ya ile ya Marekani, na hesabu nzima ya drafti inaanzia hapo.

Wanaoifuatilia kutoka huku Pwani wengi wao wameingia kwa mlango wa NFL, ligi ya Marekani, na ndiyo maana ya Kanada huwachanganya. Wanamsubiri kwotabeki, yule mrushaji mkuu wa mpira, atajwe wa kwanza, wanaletewa pande la mtu la kilo 140, mtu wa ukuta wa kumkinga huyo kwotabeki, ambalo katika maisha yake ya chuo halikushika mpira hata mara moja. Wanatafuta nyota wa vyuo vikubwa vya Marekani waliowaona kwenye simu, hawapo. Si kwamba makocha wa Kanada hawajui mpira. Wanacheza mchezo mwingine wa kuhesabu.

Kwanza, Wamarekani hawamo kabisa katika drafti hii. Ligi imejaa Wamarekani, karibu kila kwotabeki anayeanza ni Mmarekani, lakini hao huingia kwa njia ya kando. Kila timu huweka orodha ya majina, kwa miaka mingi mwisho wake ukiwa majina 45, na mtu akishaandikwa na timu moja nyingine haziruhusiwi kuzungumza naye. Mchezaji mwenyewe anaweza hata asijue kwamba ameandikwa. Drafti imebaki kuwa ya Wakanada peke yao.

Na Mkanada ni nani? Hapa ndipo penye manufaa kwa familia zetu zenye watoto Edmonton, Calgary au Mississauga, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwa kanuni ya ligi, anahesabiwa Mkanada yule ambaye ni raia wa Kanada wakati anasaini mkataba wake wa kwanza, au yule aliyeishi Kanada jumla ya miaka 5 kabla ya kutimiza miaka 18. Moja kati ya hayo mawili linatosha. Mahali alipozaliwa hapaulizwi, na chuo alichosoma hakiulizwi. Mtoto aliyehamia na wazazi wake akiwa na miaka 10 atakuwa na miaka 8 ya ukaazi siku anapofika 18, basi amepita hata kama makaratasi ya uraia bado hayajakamilika. Aliyefika akiwa na miaka 15 ana miaka 3 tu, kwa hiyo kwake yeye uraia ndio mlango uliobaki, na sheria ya Kanada humtaka mkaazi wa kudumu awe nchini siku 1,095 ndani ya miaka 5 ndipo aombe. Kosa linalotokea ni familia kuuacha uraia wa kijana usubiri kwa sababu ada ni kubwa au mzazi mmoja bado hajatimiza siku zake, kisha kijana anafika mwaka wa mwisho wa chuo akiwa mchezaji mzuri ambaye kwa ligi si Mkanada. Mchezaji yule yule, kilo zile zile, thamani yake imeshuka ghafla.

Ushahidi wa kwamba kuzaliwa si hoja ni Henoc Muamba. Alizaliwa Kinshasa, akakulia Kanada, akacheza chuo cha St. Francis Xavier, na mwaka 2011 Winnipeg walimchukua wa kwanza kabisa. Novemba 2022, akiwa na Toronto, alitwaa tuzo mbili kwa mpigo katika fainali ya Grey Cup, kombe la ubingwa wa ligi: ya mchezaji bora na ya Mkanada bora, Toronto walipowafunga Winnipeg 24 kwa 23. Upande wa pili yuko Jordan Williams, aliyezaliwa na kukulia Marekani, akacheza chuo cha East Carolina, lakini mama yake ni Mkanada. Hilo lilitosha. Timu ya BC Lions ilimchukua wa kwanza mwaka 2020, na mwaka 2021 akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi nzima.

Sasa kwa nini uraia uwe na bei? Kikosi cha siku ya mechi kina watu 45. Wanaoanza ni 24, yaani 12 wa kushambulia na 12 wa kuzuia, kwa kuwa kundi zima hutoka na jingine kuingia kila mpira unapohamia upande wa pili. Katika hao 24, sharti la miaka mingi ni kwamba Wakanada wasipungue 7. Mkataba wa mwaka 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji ulilegeza kamba kidogo: Mmarekani aliyekaa miaka kadhaa anaweza, kwa masharti, kuhesabiwa kwenye nafasi ya Mkanada. Waliolalamika walilalamika, nami naona walikuwa na haki kiasi, lakini msingi haukung'oka. Saba ni saba.

Jiweke mahali pa kocha. Wakanada wako 7 ni hawa: watatu katika ukuta wa mbele wa ushambuliaji, risiva mmoja, yaani mdakaji, mmoja katikati ya ukuta wa ulinzi, lainibeka mmoja, yaani mlinzi wa nyuma ya ukuta huo, na beki mmoja wa nyuma kabisa. Robo ya pili, mtu wa ukuta wa upande wa kushoto anakanyagwa na kifundo kinateguka. Akiba yako ya nafasi hiyo ni Mmarekani, tena stadi. Ukimwingiza umebaki na Wakanada 6, na hilo haliruhusiwi. Basi ama uwe na Mkanada mwingine wa ukuta amekaa benchi amejiandaa, ama umtoe Mmarekani mwingine mahali pengine, labda risiva wako anayetegemewa, umweke Mkanada wa akiba hapo. Kifundo cha mtu mmoja kimekuondolea watu wawili. Kuna hata Wamarekani wa akiba ambao kanuni inawaruhusu kuingia tu kumpokea Mmarekani mwenzao, kwa hiyo wapo kikosini lakini kwenye shida kama hii ni kama hawapo. Timu iliyochagua vibaya kwenye drafti haionekani Mei. Huonekana Septemba, majeruhi wakishapangana.

Ndiyo sababu nikasema Wakanada watatu katika ukuta. Watu wa ukuta, nikisema hivyo, ni wale watano wanaosimama mbele ya kwotabeki kumkinga. Sababu yenyewe ni hii: Marekani kila mwaka hutoa mabeki wepesi na marisiva wa mbio kwa maelfu, na pengo kati ya Mkanada wa kawaida na Mmarekani katika nafasi hizo ni kubwa. Katika ukuta pengo ni dogo. Mwili mkubwa, miguu inayosikia amri, na kichwa cha kukumbuka mipango, hivyo Kanada inavyo. Nafasi zenyewe ni tano kwa mpigo, kwa hiyo ukipata Wakanada watatu au wanne hapo umeshamaliza nusu ya deni lako, na mahali pengine pote unawatumia Wamarekani unavyotaka. Halafu mtu wa ukuta hudumu. Risiva mguu ukipungua kasi ameisha, mtu wa ukuta anaweza kusimama miaka 10.

Hesabu hiyo ukiijua, orodha ya waliochukuliwa wa kwanza inasomeka. Katika drafti 10 za mwaka 2014 hadi 2023, mara 5 jina la kwanza lilikuwa la mtu wa ukuta: Pierre Lavertu wa chuo cha Laval mwaka 2014, Alex Mateas mwaka 2015, Josiah St. John mwaka 2016, Shane Richards mwaka 2019, na Dontae Bull wa Fresno State mwaka 2023. Kwotabeki katika hizo 10 hakuna hata mmoja. Kwa miaka mingi kwotabeki hakuhesabiwa katika ule uwiano wa Wakanada 7 hata akiwa Mkanada, kwa hiyo timu haikuwa na sababu ya kumlea. Siku hizi anahesabiwa. Nathan Rourke, aliyetoka chuo cha Ohio, alisubiri hadi zamu ya 15 mwaka 2020 ndipo BC Lions wakamtaja, na mwaka 2022 alikuwa Mkanada bora wa ligi. Timu zilizompita zilikuwa zinapiga hesabu ya zamani.

Nirudi kwenye ukuta, kwa sababu kuna jambo la uwanjani ambalo wachambuzi wa haraka hulipita. Katika futiboli ya Marekani kuta mbili husimama karibu kugusana pua. Kanada, ukuta wa ulinzi husimama yadi moja nzima nyuma ya mpira. Yadi moja ni kama sentimita 91, mkono wa mtu ulionyooka na zaidi kidogo. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini yule mlinzi anapata hatua moja ya kuchanganya kasi kabla hajakufikia, na uwanja wenyewe ni mpana: yadi 65, yaani mita 59, dhidi ya mita 49 hivi za Marekani. Kijana aliyefundishwa Marekani kusukuma kwa uzito ana mazoea ya kumkuta mtu palepale. Akija Kanada anasukuma hewa, mtu ameshapita ubavuni. Kwa hiyo ukimwona jitu la kilo 150 limeshuka hadi raundi ya nne, usishangae sana. Wameangalia miguu yake.

Uwanja wenyewe, kwa faida ya mtu wa boli: yadi 110 kwa 65 ni karibu mita 100 kwa 59, si mbali na uwanja wa kandanda. Tofauti ni yale maeneo ya kufungia, yadi 20 nyuma ya kila mwisho, ambayo hufanya urefu wote kuwa mita 137. Ligi ilitangaza Septemba 2025 kwamba kuanzia 2027 uwanja utapunguzwa hadi yadi 100 na maeneo hayo hadi yadi 15. Wanaochagua vijana sasa inabidi wapime mtu atakayecheza miaka yake mingi kwenye uwanja ambao bado haujachorwa.

Raundi za nyuma zina mantiki yao. Kanada timu hupewa majaribio 3 ya kusogeza mpira yadi 10, Marekani ni 4. Jaribio moja likipungua, mpira hupigwa mbali kwa mguu mara nyingi zaidi, na kila ukipigwa, vikosi maalumu huingia: wapigaji, warudishaji, na kundi la watu wanaokimbia mbele kumkaba anayeupokea. Tena mpokeaji wa Kanada haruhusiwi kuinua mkono kuomba asiguswe kama Marekani. Hupewa nafasi ya yadi 5 tu hadi aushike mpira, kisha ni vita. Kazi hiyo ya kukimbia na kukaba hufanywa zaidi na Wakanada wa akiba, maana tayari wamo kikosini kwa ajili ya uwiano. Basi kuanzia raundi ya tano hadi ya nane unaona majina ya mafulbeki, wale wanaomfungulia njia mbeba mpira, malainibeka wafupi wenye mbio, wapiga mpira, na hata mtu ambaye kazi yake nzima ni kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake kwa mpigaji. Mpiga mpira Mkanada ni akiba ya fedha: amejaza nafasi ya uraia mahali ambapo asingekuwepo ungelazimika kutafuta Mkanada wa kukaa tu.

Vipimo hufanyika Machi, wiki kadhaa kabla. Kambi kubwa huhama miji, na kuna nyingine ndogo ya mchujo kwa wasioalikwa moja kwa moja. Vipimo ni vile vile vya Marekani: mbio za yadi 40, yaani mita 36 na nusu, kuinua chuma cha pauni 225, kilo 102, mara nyingi uwezavyo, kuruka juu na kuruka mbele kwa kusimama, mbio fupi za kugeuka. Tahadhari moja tu kuhusu namba za mtandaoni: muda uliopimwa kwa saa ya mkononi huwa mfupi kuliko wa mashine, kwa hiyo usilinganishe kijana aliyepimwa na kocha wake chuoni na yule aliyepimwa kambini. Kidole cha kocha anayempenda mtoto wake hubonyeza mapema.

Kinachotazamwa kweli ni ana kwa ana. Mtu wa ukuta anasimama, mlinzi mbele yake yadi ile moja, na nyuma kuna alama inayoshika nafasi ya kwotabeki. Kipenga, sekunde tatu au nne, imekwisha. Zoezi hilo limempendelea mlinzi waziwazi: ana nafasi yote ya kupita kulia au kushoto, na mtu wa ukuta hana mwenzake wa kumsaidia kama ambavyo angekuwa naye kwenye mechi. Kwa hiyo kuhesabu nani kashinda mara ngapi ni kujidanganya. Tazama mguu wa nyuma wa mtu wa ukuta, kama unatua chini kabla mikono haijagusana. Tazama pia mara ya pili baada ya kupigwa vibaya, kama amebadilisha kitu au amerudia kosa lile lile kwa nguvu zaidi. Kuna vijana huingia kambini wakiwa hawajulikani na kutoka wakiwa raundi ya pili kwa zoezi hilo peke yake, na wapo wenye mbio za kupendeza ambao hulikimbia wakisingizia msuli.

Ligi nayo hutoa orodha ya vijana 20 bora mara tatu kwa msimu: wakati wa vuli, wakati wa baridi, na mwezi Aprili. Orodha hiyo hupima ubora. Haipimi kama kijana atakuja. Hapo ndipo wasomaji wapya hujikwaa, wakimwona namba moja wa orodha hatajwi mpaka raundi ya tatu au ya nne na kudhani kuna fitina.

Sababu ni NFL. Drafti ya NFL huisha Jumamosi mwishoni mwa Aprili, na ya Kanada miaka hii hufuata siku chache tu baadaye: mwaka 2023 ilikuwa Mei 2, mwaka 2024 Aprili 30, mwaka 2025 Aprili 29. Siku hizo chache katikati ndizo zenye joto. Kuna Mkanada aliyechukuliwa na NFL, kuna aliyesainiwa bila kuchaguliwa, kuna aliyealikwa kufanya majaribio ya wikendi moja tu. Kila ngazi hushusha bei yake Kanada kwa kipimo tofauti. Mwaka 2023 kiwango cha chini cha mshahara CFL kilikuwa dola 70,000 za Kanada, na NFL kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza dola 750,000 za Marekani. Hakuna atakayemlaumu kijana.

Kwa hiyo timu hucheza kamari iliyopimwa. Mwaka 2014 Laurent Duvernay-Tardif wa chuo cha McGill, mwanafunzi wa udaktari, alichukuliwa na Kansas City ya NFL katika raundi ya sita, jina la 200. Siku chache baadaye Calgary wakamtaja katika raundi ya tatu huku wakijua fika alikokwenda. Walinunua haki: akikatwa Agosti, ni wao tu wa kuzungumza naye. Hakukatwa. Alishinda Super Bowl, fainali ya NFL, na Kansas City. Zamu ya raundi ya tatu ilipotea, lakini hesabu yenyewe haikuwa mbaya, maana wengi wa aina hiyo hukatwa kweli. Kosa la hatari ni kufanya hivyo katika raundi ya kwanza, mahali ambapo ulikuwa unahitaji mtu wa kuanza Juni.

Mpangilio wa zamu hauna ugumu. Timu dhaifu huanza, bingwa wa Grey Cup ni wa mwisho, raundi 8, timu 9, zamu kama 72 na ushei. Ni ule mtindo wa watoto mchangani pale timu iliyofungwa jana inaruhusiwa kuchagua kwanza. Mwaka 2021 peke yake ulikuwa tofauti: msimu wa 2020 ulifutwa kwa ajili ya korona, hakukuwa na msimamo wa kutegemea, basi wakapanga zamu kwa bahati nasibu na kuchagua kwa mtindo wa nyoka katika raundi 6, aliyekuwa wa mwisho raundi ya kwanza akianza raundi ya pili. Na zamu ni mali, hubadilishwa. Mwaka 2022 Montreal walipata ile ya kwanza kutoka Edmonton na kumchukua lainibeka Tyrell Richards. Usiku ule ule, zamu ya 9, wakamchukua risiva Tyson Philpot wa chuo cha Calgary, ambaye pacha wake Jalen alikuwa ameshakwenda Calgary Stampeders zamu ya 5. Mwaka uliofuata, fainali ya Grey Cup, zikiwa zimebaki sekunde 13, ni huyo wa zamu ya 9 aliyedaka mpira uliowapa Montreal ushindi wa 28 kwa 24.

Jicho langu huwa kwenye zamu za katikati, 10 hadi 30. Huko alitoka Jon Cornish, zamu ya 13 mwaka 2006, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2013. Huko alitoka Brad Sinopoli, raundi ya nne mwaka 2011. Alikuwa kwotabeki wa chuo cha Ottawa, bora wa vyuo vyote vya Kanada mwaka 2010. Calgary wakambadilisha kuwa risiva, na mwaka 2018 alidaka mipira 116 akiwa na timu ya Ottawa. Kubadilishwa nafasi ni jambo la kawaida kwa Wakanada, na kijana anayekataa kubadilishwa hujipunguzia raundi mbili tatu.

Kwa anayetaka kukesha: wakati huo wa mwaka Toronto iko nyuma yetu saa 7. Drafti ikianza saa 2 usiku kwao, Jumanne, hapa ni saa 9 usiku wa kuamkia Jumatano, na itamaliza baada ya adhana ya alfajiri, mahamri yakiwa yameshaingia karaini. Tofauti si moja kwa miji yote. Regina hawasogezi saa zao, wako nyuma yetu saa 9 mwaka mzima. Raundi mbili za kwanza zina thamani ya usingizi wako. Zilizobaki soma asubuhi kwenye ukurasa wa ligi.

Na vijana wa hapa nyumbani, wale wa raga pale Mombasa Sports Club wanaouliza kila mara? Drafti hii hamumo, kwa sababu si Wakanada na hamkuishi huko kabla ya miaka 18. Mlango wenu unaitwa Global, nao ni wa watu wasio Wakanada wala Wamarekani. Una drafti yake fupi, siku hizi raundi 2, na nafasi zake maalumu kikosini. Mjerumani Thiadric Hansen aliingia kwa njia hiyo na kutwaa Grey Cup na Winnipeg mwaka 2019 na 2021. Wanaopata kazi haraka ni wapiga mpira wa Australia, waliokua wakipiga mpira wa mviringo mrefu tangu utotoni. Mwanaraga mwenye mguu wa uhakika, anayeweza kuutua mpira mita 45 mbali na ndani ya hatua chache za mstari wa pembeni, ana hoja nzuri kuliko mwanaraga mwenye mbio tu. Mbio wanazo. Na kama mfano wa Mkenya unahitajika, Daniel Adongo alitoka kwenye raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts ya NFL mwaka 2013 bila kupita chuo chochote cha futiboli, na kazi aliyopewa kwanza ilikuwa hiyo hiyo ya vikosi maalumu.

Asubuhi ukisoma matokeo, usiishie kwenye jina na timu. Tazama mwaka wa masomo. Kijana wa chuo cha Kanada aliyebakiza msimu mmoja anaweza kwenda kambini Mei, akavaa jezi mazoezini, akaambiwa bado, kisha Agosti yuko tena chuoni akicheza na wenzake huku timu ikishikilia haki zake. Ukimkosa kwenye kikosi cha Juni hajafukuzwa. Na wale wasiotajwa kabisa, simu huanza kulia kabla hata raundi ya nane haijapoa, maana sasa wao ndio wanaochagua timu. Mtu wa ukuta aliyeachwa, akihesabu vizuri ni timu gani ina Wakanada wazee kwenye ukuta wake, hupata nafasi ya kuanza kuliko aliyetajwa zamu ya 70 na kupelekwa mahali ambapo mbele yake wamesimama wanne.